Uzi wa Manjano

Waliosema macho hayana pazia
hawakuzeeka vya kutosha.
Yangu yalikuwa nalo miaka tisa,
pazia la rangi ya chai ya maziwa iliyopoa,
nami nikadhani ni dunia inayochakaa,
si miye.

Daktari wa hapa Ibra aliliandika kwa Kiarabu: maji meupe.
Sisi twasema mtoto wa jicho.
Sijui nani alianza kumwita mtoto.
Nimezaa sita, nimezika wawili,
na huyu wa saba alijilea mwenyewe kimya kimya,
bila nepi, bila akika,
akanyonya nuru yangu hadi akashiba.
Walimtoa kwa dakika kumi na mbili.
Hata kulia hakulia.

Asubuhi nesi wa Kerala akanifungua bandeji.
"Mama, vidole vingapi?"
Vitatu, nikamwambia, na kimoja kina pete,
na jiwe la pete lina ufa.
Akaigeuza pete kwenye mwanga, akaitazama sana.
Hakuwa akijua.

Kwanza ilirudi bluu.
Nilikuwa nimeisahau
kama unavyosahau jina la jirani aliyehama.
Ndoo ya kufulia. Mlango wa Bi Thuwaiba.
Mishipa ya mkono wangu mwenyewe.
Nikifumba la kulia, la kushoto lanipa ukuta wa samli;
nikifumba la kushoto, ukuta ni chokaa.
Samli, chokaa, samli, chokaa,
nikacheza hivyo sebuleni
mpaka Azza akaja mbio kuniuliza kama nina kizunguzungu.

Na nikaona ambavyo sikuviomba.
Vumbi juu ya friji, la tangu Ramadhani ile.
Milima nyuma ya mitende, imejikunja
kama kanzu iliyotolewa sandukuni bila pasi.
Zahor, babu yako, amekuwa mzee. Lini?
Nimekuwa nikilala na mwanamume wa miaka hamsini
na kumbe mwenyewe kaondoka zamani,
kaniachia huyu mwenye shingo ya kobe.
"Vipi," akasema, "nimeharibika?"
Nikamwambia ni dawa hii ya matone, yanitoa machozi.

Wiki nzima nilisali kitini, nimekatazwa kuinama.
Siku ya nane nikaruhusiwa kusujudu,
na uso ulipokaribia mswala
nikaziona nyuzi moja moja,
nikakawia chini kuliko ilivyonipasa.
Mungu anisamehe, nilikuwa nahesabu.

Ndipo vidole vikawasha, vikataka sindano.
Nikafungua kabati, na humo, Nasri,
ile kofia ya harusi yako
uliyoiacha kwangu ulipohamia Salala.
Miezi mitano niliishona kwa kupapasa,
tundu kwa tundu, nyeupe juu ya nyeupe.
Ndivyo nilivyojua.

Manjano, Nasri.
Manjano ya bizari, toka ukingoni hadi utosini,
na safu ya tatu imekwenda upogo
kama mbuzi waliosikia honi.
Na uliivaa!
Mbele ya shekhe, mbele ya wakweo,
mbele ya wanaume mia mbili wanaojua kofia,
nami nikikuuliza mlangoni, "Imetulia?"
nawe ukainama, ukaniwekea mkono wangu juu yake:
"Imetulia, bibi."
Mama yako alijua. Azza alijua.
Hata yule Mbengali wa dukani aliyeniuzia uzi alijua.
Nyumba nzima ilibeba siri ile
kama watu waliobeba yai kwa kijiko.

Nilichukua mkasi mdogo nianze kufumua.
Fundo la kwanza likakataa.
Fundo langu lile, najua nilivyolikaza.
Nikauweka mkasi.

Jana wamepiga simu kutoka hospitali,
la kushoto nalo lina zamu mwezi ujao.
Nimewaambia wangoje kidogo, kuna joto,
kuna wageni, kuna mavuno ya tende.
Kisha nikakaa kitandani na kofia yako mapajani,
nikafumba la kulia.

Nyeupe.
Nyeupe kabisa, mjukuu wangu.